Panya kwenye stoo ya bunduki na vifaa vya shabaha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wenye bunduki za leseni nyumbani na shambani, watunza stoo wa kambi za uwindaji, klabu za kulenga shabaha na wapiga upinde. Kila jibu linajitegemea. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa, tumetaja namba ya swali ili usisome kitu kimoja mara mbili.

## Mambo ya mwanzo

1. Stoo yangu haina chakula. Panya wanafuata nini?

Wanafuata mahali pa kuzalia. Stoo ya bunduki ina giza, hupita wiki nzima bila mtu kuingia, na imejaa vitu laini: vitambaa vya pamba vya kusafishia mtutu, sponji ya ndani ya begi la bunduki, karatasi za shabaha, maboksi ya risasi. Jike akikaribia kuzaa huchanachana vitu hivyo na kutandika kiota usiku mmoja au miwili.

Sababu ya pili ni meno. Meno ya mbele ya panya hayakomi kukua, hukua zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka, na lazima ayasage. Ndiyo maana hutafuna plastiki, mbao, raba na nyaya ambazo hawezi kuzila.

Na mara nyingi chakula kimo, ila mwenyewe hakihesabu kuwa chakula. Nta ya nyuki kwenye upote wa upinde ni chakula. Vivyo hivyo mafuta ya mnyama yanayotumika kwenye gobore, mafuta ya kitani ya kupaka kitako, mkanda wa ngozi uliolowa jasho, na makombo ya karanga kwenye mfuko wa koti la mawindoni. Kama chumba hichohicho kina gunia la pumba za kuku, anza kwa kulihamisha gunia hilo kabla hujanunua mtego hata mmoja.

2. Huanza kuharibu nini?

Vitambaa, pamba na karatasi hutangulia, kisha sponji za mabegi na za vikinga masikio. Ngozi hufuata: mikanda, ala za visu, mikoba ya risasi. Manyoya ya mishale huliwa hadi kwenye gundi. Risasi za shotigani zenye ganda la plastiki hutafunwa kwenye mdomo uliokunjwa, kwa sababu pale pana ukingo ambao jino linaweza kuushika. Kitako cha mbao hutafunwa zaidi pale mkono unaposhika na shavu linapolala, mahali jasho lilipoacha chumvi. Chuma hakitafuniki, lakini hakisalimiki: soma swali la 4.

3. Nitajuaje ni panya wa aina gani?

Tazama kinyesi na mahali kilipo. Kinyesi cha panya mdogo wa nyumbani kina urefu wa milimita 3 hadi 6 na hutapakaa ovyo. Cha panya mkubwa ni milimita 10 hadi 20. Panya wa darini ana mkia mrefu kuliko mwili, hupanda kuta na nyaya, na njia zake utaziona juu ya makenchi kama michirizi ya grisi. Panya wa mifereji ni mzito, mkia wake ni mfupi kuliko mwili, na huchimba mashimo kando ya msingi. Huyu ni wa mijini na bandarini zaidi. Mashambani na kambini utakutana na panya shamba, ambaye huingia majengoni hasa mazao yakishavunwa na nje kukosekana chakula.

Kinyesi kibichi hung'aa na ni laini, cha zamani ni kijivu na huvunjika kwa kijiti. Ukiwa na shaka kama bado wapo, nyunyiza majivu yaliyochekechwa, upana wa kiganja, kando ya ukuta jioni. Asubuhi utaona nyayo na mburuzo wa mkia, na utajua wanaingilia upande gani. Hilo la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote, kwa sababu mitego na saruji vitafuata alama hizo.

4. Kwa nini mnasisitiza mkojo kuliko meno?

Kwa sababu jino linaonekana na mkojo hauonekani. Mkojo wa panya una chumvi, na chumvi hushika unyevu wa hewa. Tone moja lililokauka chini ya mtutu huendelea kuvuta maji kila usiku, na ndani ya siku chache kutu hula ile rangi nyeusi ya chuma na kuacha vishimo ambavyo hakuna mafuta yatakayovirudisha. Tanga, Mombasa, Zanzibar na popote penye hewa ya bahari, kasi yake ni kubwa zaidi.

Kwa risasi hatari ni nyingine. Maganda mengi ya risasi za raifo yametengenezwa kwa shaba ya njano, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki. Bakteria hugeuza urea ya mkojo kuwa amonia, na amonia hupasua shaba ya njano iliyokunjwa au kukazwa kiwandani. Ufa huanza kama unywele shingoni mwa ganda. Jeshi la Waingereza nchini India liliyaona hayo karne ya 19: risasi zilizowekwa kwenye mazizi ya farasi wakati wa mvua za monsuni zilipasuka zenyewe bila kupigwa. Mwaka 1921 ndipo wataalamu wa metali walipoonesha kwamba chanzo ni amonia. Kiota cha panya ndani ya boksi la risasi kinarudia mambo yaleyale kwa kiasi kidogo, tena karibu zaidi na shaba yenyewe.

## Kuziba na kuhifadhi

5. Tundu la ukubwa gani linatosha panya kupita?

Panya mdogo hupita kwenye upenyo wa milimita 6, unene wa penseli. Mtoto wa panya mkubwa hupita kwenye milimita 12. Kwa hiyo kipimo cha kazi ni kimoja: penseli ikiingia, ziba.

Tundu la ukutani lijaze pamba ya chuma iliyoshindiliwa kwa bisibisi, kisha piga juu yake mota ya saruji moja kwa mchanga tatu. Pamba ya chuma peke yake huoza kwa kutu na kudondoka baada ya msimu mmoja wa mvua. Mafundi wengine huchanganya vipande vya chupa kwenye mota, na ni njia nzuri kwa mashimo yaliyochimbwa chini ya msingi. Povu la kopo la kuzibia halifai, linatafunwa kama mkate.

Matundu ya hewa usiyazibe kabisa, maana stoo isiyopumua itakuletea kutu hata bila panya. Weka wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 6 au pungufu. Wavu wa kuku una matundu makubwa mno, na wavu wa mbu wa plastiki hutobolewa siku hiyohiyo. Mlangoni, pigilia bati lenye kimo cha sentimita 30 upande wa chini, ndani na nje, na hakikisha nafasi kati ya mlango na sakafu haifiki milimita 6. Usisahau pale bati la paa linapokutana na ukuta. Mawimbi ya bati huacha vijitundu mstari mzima, na panya wa darini huvitumia vyote.

6. Nina sefu ya chuma. Bado nihangaike?

Ndiyo, kagua mambo matatu. Sefu nyingi huja na matundu ya bolti nyuma au chini kwa ajili ya kufungwa ukutani. Yasiyotumika hubaki wazi, na yana upana wa kutosha panya mdogo. Kuna pia tundu la waya wa taa au kifaa cha kukausha hewa. Na kuna mlango uliopinda kidogo ukaacha nafasi kwenye kona ya chini. Matundu yazibe kwa bolti na washa pana. Mlango uliopinda unahitaji fundi, usijaribu kuunyoosha kwa nyundo.

Bitana ya zulia ndani ya sefu hushika unyevu na harufu. Panya akishaingia mara moja, zulia hilo ling'olewe lote.

7. Risasi zihifadhiwe kwenye nini?

Kwenye kopo la chuma lenye kifuniko cha kubana na raba ndani yake, lile la kijeshi la kubebea risasi. Kifuniko kikifungwa raba haionekani kwa nje, kwa hiyo jino halipati pa kuanzia. Liweke juu ya rafu ya chuma au matofali, si sakafuni. Ndani weka pakiti ya silika jeli. Ile ya chembe za rangi hubadilika rangi ikishashiba maji, na unaweza kuikausha kwenye oveni ya nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili na kuirudisha.

Boksi la plastiki ngumu ni bora kuliko la karatasi, lakini panya mkubwa akipata ukingo wa kifuniko atautafuna. Vyombo vya plastiki vya jikoni havifai kabisa.

Risasi ziache kwenye maboksi yake ya kiwandani ndani ya kopo la chuma. Namba ya toleo iliyochapwa pale utaihitaji siku moja, kwa mfano kwenye swali la 20. Kufungiwa peke yake, mbali na bunduki, ni suala la masharti ya leseni yako, na panya hawapunguzi sharti hilo.

8. Na vitu laini: vitambaa, mabegi, shabaha za karatasi?

Ndoo ya bati yenye mfuniko, pipa la chuma, au tranki la shule. Tranki jipya lina nafasi kwenye pembe za mfuniko, kwa hiyo lijaribu kwa penseli kama swali la 5 linavyosema. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani visirundikwe humo: huweza kujipasha moto vyenyewe hadi kuwaka. Vitandaze nje vikauke kabisa au vichomwe mbali na jengo.

Begi la bunduki ni la safari. Bunduki isikae ndani ya begi la sponji stoo kwa miezi: sponji hushika unyevu, na ndicho kitanda ambacho panya hukitafuta.

Shabaha za karatasi zikiwa nyingi kama za klabu, zipange juu ya meza ya miguu ya chuma iliyo sentimita 30 kutoka ukutani, kimo cha mita moja, bila kitu chochote kinachoning'inia hadi sakafuni. Sahani za kurusha za udongo hazivutii panya, lakini makasha yake ya karatasi huvutia. Zitoe kwenye makasha.

9. Upinde na mishale ina utaratibu tofauti?

Kidogo. Vua upote kwenye upinde wa mbao, ufunge mviringo, uweke kwenye kopo la bati. Upote uliopakwa nta huliwa, na upote wa mishipa ya mnyama, kama wanaotumia Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, ni chakula kamili kwa panya. Mishale ining'inizwe kwa manyoya kuelekea juu kwenye waya mwembamba uliofungwa katikati ya chumba, mbali na ukuta angalau mita moja, au ifungiwe kwenye bomba la plastiki nene lenye vifuniko viwili. Upote wenye uzi mmoja uliokatika kwa jino usitumike tena hata kama nyuzi nyingine zinaonekana nzima. Ukikatika upinde ukiwa umevutwa, mikono ya upinde hupasuka karibu na uso.

## Kunasa

10. Mitego mingapi, na iwekwe vipi?

Mingi kwa siku chache, si mmoja kwa miezi. Kwa chumba cha mita 3 kwa 4 tega mitego ya kubana 8 hadi 10 kwa usiku mmoja. Mtego mmoja hunasa mmoja na kuwafundisha waliobaki.

Panya hutembea akigusa ukuta kwa sharubu. Weka mtego ukiwa umesimama kwa pembe mraba na ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta, ili panya aukute kutoka kulia au kushoto. Pale penye nyayo nyingi weka miwili ikifuatana. Kwa panya wa darini, ifunge kwa waya juu ya makenchi, la sivyo ataondoka nayo ikiwa imembana mguu tu.

Panya wakubwa huogopa kitu kipya. Weka mitego na chambo bila kuitega kwa usiku mbili au tatu. Chambo kikianza kuliwa, itege yote kwa pamoja. Panya wadogo hawana woga huo, wao watege siku ya kwanza.

11. Chambo gani?

Chambo kiwe kitu ambacho hakipo karibu. Stoo iliyo pembeni ya ghala la mahindi haihitaji punje ya mahindi, inahitaji harufu ya dagaa wa kukaanga au nazi iliyochomwa. Karanga zilizosagwa zikachanganywa na pumba hufanya kazi karibu kila mahali. Kiasi ni cha ukubwa wa punje ya choroko, kimekandamizwa kwenye kigango, kile kibao cha mtego kinachoshika chambo. Ukiweka kingi, panya atalamba pembeni bila kufyatua.

Kiangazi kikali, kipande cha nyanya au tango hushinda vyote kwa sababu panya ana kiu. Na kwa jike anayetafuta vya kutandika, fungia pamba kidogo kwenye kigango kwa uzi. Ataivuta, na kule kuvuta ndiko kunakofyatua.

12. Mtego wa ndoo unafaa?

Unafaa kwa panya wadogo na panya shamba. Ndoo ya lita 20, waya unaopita katikati ya chupa au kopo linalozunguka, karanga zilizopakwa juu ya kopo, ubao wa kupandia, na maji ya kimo cha sentimita 15 chini. Bila maji, panya mkubwa huruka na kutoka. Mwage kila asubuhi. Usiuweke ndani ya chumba cha bunduki: maji yaliyo wazi huongeza unyevu. Nafasi yake ni barazani, kwenye njia ya kuingilia.

13. Gundi je?

Hatuishauri. Panya aliyenaswa hukaa hai saa nyingi akikojoa kwa hofu, na mkojo ndio unaoukimbia. Vumbi la stoo huimaliza gundi mapema, na mjusi anayekula wadudu wako hunaswa pia.

14. Paka atamaliza tatizo?

Paka hupunguza panya uani na hilo ni jema. Ndani ya stoo ya risasi asiingie: mkojo wake una athari ileile ya swali la 4, tena kwa wingi zaidi. Na ukiwa na paka, sumu inakuwa hatari maradufu.

## Sumu na dawa

15. Kwa nini nisiweke sumu ndani nikamaliza?

Kwa sababu panya hafi palepale. Sumu zinazozuia damu kuganda, kama bromadioloni na brodifakumu, huua baada ya siku kadhaa, na panya huenda kufia nyuma ya sefu, juu ya dari, au ndani ya begi. Harufu ni sehemu ndogo ya hasara. Mzoga huleta mbawakawa walao ngozi, na funza wao wakimaliza mzoga huhamia kwenye mikanda, manyoya ya mishale na bitana za sufi. Unakuwa umebadilisha mharibifu mmoja kwa mwingine aliye mgumu zaidi kumwona.

Kama panya ni wengi mno na sumu inahitajika, itumike nje: vipande vya nta ndani ya kisanduku kilichofungwa, kilichopigiliwa ukutani, watoto na mifugo wasifike. Nunua yenye lebo na namba ya usajili. Tanzania msajili ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), Kenya ni PCPB, bodi ya kudhibiti viuatilifu. Vipakiti visivyo na lebo vinavyouzwa mkononi barabarani usiviguse. Huwezi kujua kilichomo, na daktari naye hataweza kujua mtoto amekula nini. Kwa sumu za kuzuia damu kuganda kuna dawa, vitamini K1, inayotolewa hospitali. Zinki fosfaidi, unga wa kijivu wenye harufu kama kitunguu saumu, haina dawa ya kuitangua.

Okota mizoga kila siku uifukie. Bundi na paka hufa kwa kula panya aliyekula sumu, na jozi ya bundi mabandani hula panya wengi kuliko utakaowanasa wewe. Wanaowaua kwa kudhani ni mkosi wanajiumiza wenyewe.

16. Vidonge vya kufukizia nafaka, au moshi wa pilipili?

Hapana, vyote viwili. Vidonge vya aluminiamu fosfaidi hutoa gesi ya fosfini inayoua watu waliolala chumba cha pili. Zaidi ya hayo, gesi hiyo hula shaba na mchanganyiko wake, maana yake maganda ya risasi na nyaya za umeme. Moshi unahitaji moto, na moto hauingii mahali penye risasi au baruti kwa sababu yoyote ile.

17. Naftalini, amonia, pilipili, vifaa vya sauti?

Amonia ndiyo mbaya kuliko zote: kuna watu huweka kitambaa kilicholoweshwa amonia wakiamini panya atadhani kuna adui, wakati wanapasua risasi zao kwa mikono yao. Naftalini hudhuru wanaoivuta, na panya huizoea. Pilipili na majani yenye harufu hudumu siku chache. Vifaa vya kutoa sauti isiyosikika na binadamu havina matokeo ya kutegemewa, na sauti hiyo haipiti nyuma ya boksi. Fedha hiyo inunue wavu wa milimita 6.

## Kusafisha baada ya uvamizi

18. Nianzie wapi?

Usifagie kavu. Vumbi la kinyesi na mkojo ndilo linaloingia mapafuni. Fuata mpangilio huu:

1. Fungua milango na madirisha, toka, acha hewa ipite nusu saa.
2. Vaa glovu za mpira na barakoa.
3. Toa bunduki na risasi kwanza, uziweke mahali penye ufunguo. Dawa ya klorini inakula chuma.
4. Loweka viota na kinyesi kwa jiki, kipimo kimoja kwa maji tisa, subiri dakika 5 au zaidi.
5. Okota kwa karatasi, weka kwenye mifuko miwili, moja ndani ya nyingine, fukia au choma mbali.
6. Piga deki kwa jiki hiyohiyo, kisha kwa maji safi, na acha pakauke kabisa kabla ya kurudisha kitu chochote.

Sponji, zulia na pamba iliyokojolewa haisafishiki. Tupa. Ngozi inaweza kuokolewa kwa sabuni laini, kukaushwa kivulini na kupakwa mafuta ya ngozi.

19. Bunduki yenyewe imekojolewa. Nifanye nini?

Hakikisha haina risasi. Kisha angalia ndani ya mtutu kwa tochi: panya mdogo huweza kusukumia nyasi na pamba humo, na kizuizi chochote ndani ya mtutu hupasua bunduki ikipigwa. Kizuizi kisichotoka kwa fimbo ya kusafishia bila nguvu ni kazi ya fundi mwenye leseni.

Chuma kifute kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, maana chumvi huyeyuka kwa maji, haiyeyuki kwa mafuta. Hapa ndipo wengi hukosea: hupaka mafuta juu ya chumvi, na kutu huendelea chini yake. Kausha, pitisha spiriti ya asilimia 70, subiri ikauke, ndipo upake mafuta ya bunduki. Rudia ukaguzi baada ya siku 3 na tena baada ya wiki. Kama kutu imeingia chini ya mbao, kitako kinahitaji kufunguliwa.

## Hali za pekee

20. Risasi zimetafunwa au kuchafuliwa. Zipigwe?

Zisipigwe. Ganda la plastiki lenye tundu limeingiza unyevu, na marisau yanaweza kumwagika ndani ya mtutu. Ganda la shaba lenye ufa, hata mwembamba, huachia gesi nyuma kuelekea uso wa mpigaji. Doa la kijani au la buluu kwenye shaba linatosha kuitenga. Kwa boksi lililokojolewa, tenga boksi zima, maana ufa wa amonia unaweza kujitokeza wiki kadhaa baadaye.

Usizivunje, usizichome, usizitupe jalalani wala chooni. Ziandike idadi na namba ya toleo, kisha wasiliana na kituo cha polisi kinachohusika na leseni yako kuhusu kuzikabidhi. Risasi ni mali inayohesabiwa, Tanzania chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 na Kenya chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. "Zililiwa na panya" bila maandishi ni maelezo dhaifu mbele ya mkaguzi.

21. Kambi yetu hufungwa masika. Tunarudi na kukuta uharibifu.

Miezi ya mvua bila watu ndiyo panya hujengea ukoo. Panya shamba hubeba mimba siku 23 hivi na huzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja, kwa hiyo wawili waliofungiwa ndani mwezi Machi si wawili tena Juni.

Risasi na bunduki zisibaki kambini, ziende kwenye hifadhi inayotambuliwa na leseni. Kwa vilivyobaki, wiki mbili kabla ya kufunga tega mfululizo kama swali la 10 linavyoeleza, hadi usiku tatu zipite bila kunasa. Ndipo uzibe. Ukiziba kabla, umewafungia. Magodoro yaning'inizwe kwa waya, turubai zikunjwe zikiwa kavu na ziingizwe kwenye mapipa ya chuma, jiko lioshwe hadi grisi ya ukutani. Fyeka nyasi mita 3 kuzunguka kila jengo na kata matawi yaliyogusa paa. Gari linalobaki livuliwe betri na kofia ya injini iachwe wazi: panya hupenda giza, na injini iliyo wazi haina giza.

22. Nina gobore. Baruti na mafuta yake?

Panya hali baruti, lakini hutoboa mfuko wa kitambaa au pembe yenye kizibo cha gome, na baruti ikimwagika juu ya sakafu ya mbao huwezi kuikusanya yote. Ibaki kwenye chombo chake cha asili chenye kifuniko, ndani ya kisanduku cha mbao kilichopigwa bati kwa nje, mbali na jiko. Mafuta ya mnyama na nta vihifadhiwe kwenye kopo la bati chumba kingine. Baada ya kusafisha gobore, futa mafuta ya ziada kwenye kitako. Baruti iliyolowa mkojo isikaushwe juani ili itumike tena. Ichukulie kama risasi za swali la 20.

23. Nimeumwa na panya, au nimepata homa baada ya kusafisha stoo.

Jeraha lioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda kituo cha afya ukaangaliwe, pamoja na chanjo ya pepopunda.

Homa, maumivu ya misuli hasa ya miguu, macho mekundu, baadaye manjano au kutokwa damu puani: mwambie daktari wazi kwamba ulisafisha kinyesi na mkojo wa panya. Homa ya mgunda, yaani leptospirosisi, inayoenezwa na mkojo wa wanyama kama panya, hufanana na malaria mwanzoni na hutibika kwa antibayotiki ikiwahiwa. Mlipuko wa Julai 2022 wilayani Ruangwa, Lindi, uliwakuta watu wengi hawajawahi kuisikia.

Maeneo yenye historia ya tauni, kama Lushoto na Mbulu nchini Tanzania, West Nile nchini Uganda na Ituri nchini Kongo, ukiona panya wengi wamekufa bila sumu usiwaguse. Viroboto huuacha mwili unapopoa na kutafuta wa joto. Toa taarifa kituo cha afya siku hiyohiyo, na stoo isubiri.

24. Stoo yangu ni chumba katika nyumba ya kupanga, siruhusiwi kugusa kuta.

Basi acha chumba, linda vyombo. Sefu iliyozibwa matundu, kopo la chuma la risasi, tranki moja la vitu laini, vyote juu ya matofali na mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita ili uweze kukagua nyuma. Mitego minne ya kubana kando ya ukuta, ikikaguliwa kila asubuhi. Dari inayounganisha vyumba vyote itaendelea kukuletea panya wa jirani, kwa hiyo ukaguzi wa majivu wa swali la 3 ufanywe kila mwisho wa wiki, na mtego usiwahi kukaa bila chambo.